Kibembea cha Mipira

Pale Sepuka, ukitaka kujua mzigo umefungwa na nani, utikise. Ukicheza, umefungwa na mtu mwingine. Ukitulia tuli, basi huo umepita mikononi mwa mzee Alute, na mwenye mzigo anaweza kupanda baiskeli yake akaenda hadi Singida mjini bila kugeuza shingo hata mara moja kuangalia nyuma.

Kazi yake ni kukata tyubu. Za baiskeli, za pikipiki, na mara mojamoja za lori, zile zilizozibwa viraka hadi hakuna pa kuweka kingine. Anaikanyaga tyubu kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, anaivuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anapitisha kisu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukiinua. Kinachotoka ni ukanda ulionyooka, mpira wa kufungia mzigo kwenye keria. Kibandani kwake, mbele ya nyumba yake kando ya uwanja wa mnada, kuna nguzo mbili na gogo lililokingama juu yake, na kwenye gogo hilo mipira inaning'inia kwa urefu wake, mirefu huku, mifupi kule, mnunuzi anachagua mwenyewe.

Kufungiwa mzigo ni bure, ila lazima uvumilie maneno. Mzee Alute hakuwa na simile na mtu aliyefunga ovyo. Akiona gunia la alizeti linayumba kwenye baiskeli ya mtu, atamsimamisha hata kama mtu huyo ana haraka ya kwenda msibani, amfungulie mipira yote, aikaze upya kwa kuivuta mpaka iimbe, huku akimuuliza mama yake alimfundisha nini nyumbani. Watu walimzoea. Vijana walimwita Kaza, na yeye alijua, na kwa siri alilipenda jina hilo.

Tangu mkewe afariki aliishi na binti yake Winfrida, ambaye mumewe ni dereva wa lori na nyumbani huonekana kwa nadra. Na Winfrida alikuwa na Eliana.

Eliana alikuwa na miaka minne na hajawahi kusimama. Aliugua sana akiwa mchanga, akapona, lakini miguu ikabaki nyuma ya mwili. Kichwani alikuwa mzima kabisa, tena mjanja, anajua majina ya mbuzi wote wa jirani na tabia ya kila mmoja. Ila alibebwa. Winfrida alimfunga mgongoni kwa kitenge asubuhi, akaenda naye bombani, shambani, kanisani, kwenye mashine ya kukamua alizeti, jioni akamfungua. Winfrida mwenyewe ni mwembamba, na mtoto alikuwa anakua. Ukiwaona kwa mbali wanakuja njiani ungedhani ni mtu mmoja mwenye vichwa viwili, na kile cha nyuma ndicho kinachoongea.

Dada wa mazoezi ya viungo, kule hospitalini walikompeleka, aliwaeleza bila kuzunguka. Miguu ya mtoto haijafa. Ni dhaifu, na imezoea kukunjwa. Inatakiwa ibebe uzito wake kila siku, hata kidogo, sasa hivi angali mdogo, maana isipobeba itaendelea kukakamaa ilivyojikunja, na siku moja haitanyooka tena kwa mazoezi ya namna yoyote. Akawaonyesha jinsi ya kumshika makwapani na kumsimamisha.

Tatizo ni kwamba Eliana hakutaka. Majirani wenye nia njema walishawahi kumsimamisha kwa nguvu na kumwachia wakidhani atajikaza, naye akaanguka kifudifudi. Tangu siku hiyo nyayo zake zikigusa tu ardhi, anaikunja miguu yote miwili hadi tumboni, anang'ang'ania shingo ya mama yake, na machozi yanamtoka bila sauti. Hiyo ya kulia bila sauti ndiyo iliyomshinda Winfrida. Wakaanza kuacha mazoezi siku moja, halafu siku mbili.

Wakati mmoja tu Winfrida alisema lililokuwa moyoni. Alikuwa anapepeta mtama, mtoto mgongoni kalala, akasema bila kumtazama baba yake:

"Baba, akifika miaka kumi nitambeba na nini?"

Mzee Alute akaokota kisu chake akatoka. Alikata tyubu mchana kutwa siku hiyo, na alizikata vibaya.

Wazo lilimjia siku ya mnada, na lilimjia kutoka kwa kuku. Alikuja mtu wa Issuna na tenga la kuku kwenye keria, na tenga lenyewe limefungwa kwa mipira iliyochakaa, milegevu, aibu tupu. Pale barabarani kuna matuta, na kila baiskeli ilipopanda tuta tenga lilirushwa juu, likashuka, mipira ikavutika, likapanda tena. Mzee Alute alikwisha kufungua mdomo amkaripie mtu yule. Halafu akawaona kuku.

Tenga lilipopanda, miguu ya kuku ilinyooka. Liliposhuka, ilijikunja, ikapokea uzito, ikasukuma, ikanyooka tena. Hakuna kuku hata mmoja aliyeanguka. Walisimama mle ndani wakipanda na kushuka, macho yamewatoka, miguu inafanya kazi kuliko kuku yeyote aliyekuwa akitembea chini siku hiyo.

Mtu wa Issuna alipomwona Kaza anamfuata nyuma alijua yamemkuta. Akashuka haraka, akaamkia, akaanza kujitetea kwamba mipira mizuri ameiacha nyumbani. Mzee Alute akamwambia asijali, na tafadhali apande tena baiskeli, arudi, apite kwenye matuta yale mara nyingine. Habari hiyo ilizunguka mnada mzima kabla ya saa sita, kwamba mzee leo kaona mzigo unacheza na hakutukana mtu, kuna anayemfahamu ampeleke zahanati.

Nyumbani alimweleza binti yake alichotaka kufanya: kiti cha kuning'inia kwa mipira, nyayo za mtoto ziguse chini kidogo, mpira umbebe sehemu kubwa ya uzito na miguu yake ichukue kilichobaki. Winfrida alisikiliza mpaka mwisho. Hakuamini sana, lakini alikata kiroba kikuukuu, akakitandika kitenge ndani mara mbili ili kisimchubue, akaacha matundu mawili ya miguu, na akakishona vizuri kama nguo ya kwendea kanisani.

Kabla ya kumweka mtoto walitaka kujaribu na mzigo. Mizani hawakuwa nayo. Winfrida akaleta mfuko wa mtama, akajifunga mgongoni, akasimama, akatembea hatua chache uani. Bado, akasema. Baba yake akaongeza kata ya mtama. Akatembea tena, akajirusharusha kidogo kama mama anayemkalisha mtoto vizuri, akatikisa kichwa. Akaongeza tena. Hatimaye akasimama akafumba macho.

"Hapo," akasema. "Huyo ndiye."

Sasa mzee akafunga. Na hapa ndipo alipokosea kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya, maana mtu mwingine asingekuwa na miaka ishirini ya kukaza mipira. Mikono yake haikujua njia nyingine. Alichukua mipira minne kila upande, akaizungusha kwenye gogo lile la kibandani mara tatutatu, akaivuta kila mzunguko mpaka ikaimba, akapiga mafundo ambayo punda asingeyafungua. Mfuko wa mtama uliningʼinia pale bila kutikisika. Alirudi nyuma akautazama, akaridhika kabisa.

Eliana alipowekwa mle, alikaa. Basi. Alikaa kimya kama sanamu, miguu kaikunja, anatazama mbuzi. Mzee akamshusha ili nyayo ziguse chini, akakaza upya. Bado alikaa. Jirani mmoja aliyekuwa anapita aliuliza kama mtoto anauzwa au anaanikwa, na mzee akamjibu jambo ambalo haliandikiki.

Ilimchukua siku kadhaa kukubali kwamba kinachomzuia ni ufundi wake mwenyewe. Mpira uliovutwa mpaka mwisho na kuzungushwa juu ya mwenzake hauna tena pa kwenda, umekuwa kamba. Basi akaenda kinyume: akafungua vyote, akaacha mpira mmoja mmoja kila upande, mrefu. Mfuko wa mtama ulishuka taratibu hadi ukakalia vumbi, na mipira ikabaki imevutika juu yake mpaka imekuwa myembamba kama uzi. Mzee akajipiga paji la uso. Maisha yake yote alikuwa anaua uchezaji wa mpira, na sasa ilibidi aupime, auache kiasi, asiuache sana. Aliongeza mmoja, akatoa, akafupisha, akarefusha, akikuna kidevu na kunung'unika. Ikafika asubuhi moja mfuko ukakaa sawasawa, mahali ambapo nyayo zingegusa. Akauinua kwa viganja na kuuachia. Ukashuka, ukapanda, ukashuka. Winfrida, aliyekuwa anaosha vyombo, aliacha kuosha.

Mara ya kwanza Eliana alipoinuliwa na kuachiwa, uso wake ulikufa kwa woga. Alishuka, na kwa kuwa anajua kuanguka kulivyo, alifumba macho akingoja ardhi. Ardhi ikamgusa nyayo kidogo tu, halafu kitu kikamshika na kumrudisha juu. Akafumbua jicho moja. Akashuka tena, si chini kama mwanzo, akapanda tena, si juu kama mwanzo, mpaka akatulia. Hakulia. Akageuka huku na huku kutafuta aliyemrudisha.

"Babu, tena."

Babu akainua tena. Akainua siku hiyo, na kesho yake, na wiki ile yote, kati ya tyubu na tyubu, mpaka mabega yakamuuma na wateja wakajifunza kusubiri. Mtoto alicheka kicheko ambacho hawakujua anacho, kizito, cha tumboni, kama cha marehemu bibi yake. Mzee alikisikia mara ya kwanza akajifanya anatafuta kisu, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Lakini miguu haikufanya kitu. Hilo alilijua, na lilimkosesha raha hata wakati mtoto anacheka. Ilining'inia tu, ikigusa chini mtoto anaposhuka, inajikunja. Alichokuwa anakifanya, kwa kweli, ni kumbeba kwa njia nyingine.

Mwalimu Gervas, anayefundisha fizikia sekondari, alipita kununua mpira wa kufungia redio yake kwenye pikipiki. Ni kijana mpole, hana majivuno. Aliamkia, akasalimiana na Eliana pia, akasimama akiangalia kibembea kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kununua mpira. Mzee Alute akampeleka pembeni na kumwuliza kitu kilichokuwa kinamsumbua: kwa nini kila akimwachia, mtoto harudi pale alipoachiwa. Kila safari inapungua. Alidhani ni mpira mbovu, akabadilisha tyubu mara mbili, na hali ni ileile.

Mwalimu akafurahi, maana wanafunzi wake hawajawahi kuuliza swali hilo kwa hiari. Akaeleza kwamba mzee anapomwinua mtoto, kazi ya mikono yake haipotei. Inawekwa kule juu, inamsubiri. Akimwachia, inageuka mwendo wa kushuka. Akifika chini, mwendo unaingia kwenye mpira, ndiyo maana mpira unavutika na mtoto anasita kidogo pale chini. Halafu mpira unajirudi, unamrudishia mwendo, na mwendo unampandisha juu. Ni nishati ileile, inabadilika sura tu kila inapopita.

"Sasa mbona hairudi yote?" mzee akauliza.

Mwalimu akachukua mpira mmoja gogoni, akamwomba auvute na kuuachia haraka haraka mara kadhaa, kisha auguse mdomoni. Mzee akafanya. Mpira ulikuwa na uvuguvugu. Akasema hilo analijua tangu zamani, akikaza sana mpira unapata joto, lakini siku zote alidhani ni joto la viganja vyake.

"Ni sehemu ya ile nguvu," mwalimu akasema. "Kila akishuka na kupanda, kidogo inaishia kwenye hilo joto na kwenye hewa. Hiyo hairudi kwa mtoto. Ukitaka asitulie, lazima mtu aongeze kidogo kila mara."

"Mtu gani?"

"Wewe, kwa mikono. Au yeye, kwa miguu."

Mzee alimfungia redio yake vizuri sana siku hiyo na hakumwambia neno lolote baya.

Usiku hakuwaza mengi, alilala. Ila asubuhi, Eliana alipowekwa kwenye kibembea, babu yake alimwinua mara moja tu, akamwachia, kisha akarudi kwenye kigoda chake na kuanza kukata tyubu. Mtoto alipanda, akashuka, akatulia.

"Babu, tena."

"Leo nina kazi nyingi, mama. Sukuma mwenyewe."

"Siwezi."

"Basi subiri."

Watu wanadhani kukata tyubu ndiyo kazi ngumu ya mzee Alute. Kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya ni kukaa kwenye kigoda kile asubuhi ile. Mtoto alimwita kwa upole, akamwita kwa hasira, akamwambia hampendi tena na atamwambia baba akirudi na lori. Kisha akanyamaza, na machozi yakaanza, yale yale ya bila sauti. Mzee aliyaona kwa pembe ya jicho, akageukia upande wa pili. Kisu kilimtoka kwenye mstari na kukata ukanda wa mshazari usiofaa hata kufungia kuku.

Winfrida alirudi kutoka bombani akamkuta mwanawe ananingʼinia anatokwa na machozi, na babu yake kampa kisogo. Aliitua ndoo vibaya, maji yakamwagika. Yeye ni mwanamke mtulivu, na amelelewa asimjibu baba yake, lakini siku hiyo hasira ilimpanda.

"Umemtundika mwanangu kama kuku wa mnadani, baba, halafu unamwacha alie. Kama umechoka naye si ungeniambia? Mimi sijachoka."

Akaanza kumfungua. Mzee akasimama, akaweka mkono wake juu ya fundo. Hakumsukuma, aliuweka tu pale.

"Sijachoka naye," akasema. "Ningekuwa na mabega ningemwinua mpaka afe mzee. Lakini nikimwinua mimi, miguu inalala. Mpe muda mpaka kivuli cha nyumba kifike kwenye nguzo ile. Kisha mtoe, na sitakuomba tena."

Winfrida alitaka kusema kitu kingine. Akakitazama kile kivuli, na hakikuwa mbali na nguzo. Akakaa chini kwenye maji aliyoyamwaga, akashika tama, akamtazama mwanawe, na mzee akakaa naye, kisu mkononi bila tyubu.

Eliana aliwaangalia wote wawili. Alipoona hakuna anayekuja alikasirika, na kwa hasira akarusha miguu. Mguu mmoja ulipita hewani. Wa pili ulikuta ardhi, ukaisukuma. Kibembea kikapanda upana wa kidole, si zaidi, kikashuka.

Akashangaa. Akajaribu tena, lakini alisukuma wakati anapanda, na miguu ikakosa cha kusukuma. Akajaribu wakati anashuka, akauzuia mwendo wake mwenyewe, kila kitu kikafa. Winfrida alitaka kusema, baba yake akamgusa goti. Mara ya tatu au ya nne mtoto alisubiri. Alijiacha ashuke kabisa, mipira ikavutika mpaka chini, na pale pale ilipotaka kujirudi akaisaidia, miguu yote miwili, nyayo nzima ardhini. Akapanda. Akashuka, akasubiri, akasukuma. Akapanda zaidi. Kivuli kilipita nguzo na hakuna aliyekiangalia.

Tangu hapo hapakuwa na haja ya kumwomba. Tatizo likawa kumtoa. Alisukuma asubuhi mpaka uji upoe, akasukuma watu wakinunua mipira, akajua kupanda juu kwa kuzidisha kidogo kila safari, na vumbi lililo chini ya nyayo zake likachimbika visima viwili vidogo. Siku moja mpira ulikatika na akakaa chini kwa kishindo. Winfrida alitoka mbio, roho mkononi, akamkuta mtoto ameshika kile kipande kilichokatika, anakikagua kwa uso wa fundi, akamwambia babu yake kwamba huu ulikuwa na ufa, aweke mwingine. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Alipoona miguu inapata nguvu, mzee akaanza kupunguza. Alitoa mpira mmoja kila upande, na kuirefusha iliyobaki, ili kibembea kibebe kidogo zaidi na mtoto abebe kinachopungua. Alimweleza Winfrida kila mara kabla ya kufanya, maana alikwisha kujifunza. Eliana alilalamika siku ya kwanza kwamba kibembea kimekuwa kizito, siku ya pili akasahau. Mtama ukavunwa, alizeti zikafuata, mzee akatoa mwingine. Dada wa mazoezi alipopelekewa mtoto alimshika miguu, akaikunja na kuikunjua, akaagiza waendelee hivyo hivyo na akauliza kwa makini mipira yenyewe inafungwaje.

Kulikuwa na siku moja ya jua kali, hakuna mnada, uwanja mtupu. Mzee alikuwa anakata tyubu ya pikipiki na Eliana alikuwa kwenye kiti chake, hasukumi, anajisukia kibangili kwa mabaki ya mpira, ameinamia kazi hiyo kwa bidii na ulimi uko nje. Mzee aliinua macho amwombe kipande kimoja cha mabaki yale. Hakuomba. Aliweka kisu chini.

Winfrida alikuwa anakuja na ndoo ya mashudu kutoka kwenye mashine ya alizeti. Baba yake akamwita kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake aje aone ndege asije akaruka.

"Usimtazame mtoto," akamnong'oneza. "Tazama mipira."

Winfrida akatazama. Ilichukua muda kuelewa kinachotazamwa. Mipira miwili iliyobaki, mmoja kila upande, ilikuwa imelegea. Ilitoka kwenye gogo, ikapinda kidogo, ikaja kuishia kwenye kiti bila kuvuta kitu. Upepo ukipita ilichezacheza. Akasogea karibu, akaugusa mmoja kwa kidole, na ukayumba kama kamba ya kuanikia nguo. Haukuwa umebeba chochote. Mtoto alikuwa amesimama mle ndani ya kiroba chake kwa miguu yake miwili, magoti yakitetemeka kidogo, na hajui.

Alibaki na kidole chake pale kwenye mpira.

"Atatembea, baba?"

"Sijui," mzee Alute akasema. Angeweza kumdanganya, na alitamani. "Kwa kweli sijui. Lakini sasa hivi uzito wake anao mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeubeba."

Eliana akawauliza wanaongea nini, hawakumjibu, akarudi kwenye kibangili chake. Winfrida akaitua ndoo. Mzee alidhani atalia, au atapiga vigelegele, au atamkumbatia mtoto. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama akiwa ameachia mikono, akavuta pumzi, uso wake ukabadilika polepole, kama wa mtu anayesikia kitu kutoka mbali.

"Baba," akasema. "Mgongo unaniuma."

Katika miaka yote minne hakuwahi kulisema hilo, na mzee, aliyekuwa akimtazama kila siku, hakuwahi kumuuliza. Akaingia ndani, akatoa mkeka, akautandika kivulini, akaukunja ule mfuko wa mtama mtupu ukawa mto. Akamwambia alale kidogo, mtoto ataangaliwa. Winfrida akalala chali, akanyoosha miguu, na mchana ule ule kweupe usingizi ukamchukua.